Risala ya Walimu na Kamati ya Skuli kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kumshukuru Maalim Wetu, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ofisa Elimu wa Wilaya ya Wete; Sheha wetu; wazee wa Kamati ya Skuli; walimu, wazazi na wanafunzi. Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuja, maana mwisho wa mwaka kila skuli inakutaka.

Tumekuita ili tumshukuru mzee mmoja mbele yako. Jina lake hatulitaji kwa sababu ametukataza, na sisi bado tunamuogopa kama enzi zake za umwalimu mkuu. Aliingia darasa la kwanza katika miaka ya mwanzo baada ya tangazo la Elimu Bila Malipo la tarehe 23 Septemba 1964. Akaja kusomesha, akaongoza skuli, akatimiza miaka 60, akastaafu. Tulidhani tutamkuta barazani akicheza bao. Badala yake anakuja hapa kutusaidia, hukaa kwenye benchi la wazazi nje ya ofisi, na kiti cha mwalimu mkuu hajakigusa hata siku moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu mkuu wetu alipokabidhiwa skuli alikuta mikondo miwili, na mkondo wa mchana unagongana na chuo cha Qur-ani. Alitaka kuipangua ratiba wiki ile ile. Maalim akamuuliza: "Walimu wa chuoni wamesemaje?" Hawakuwa wameulizwa. Wakaenda wote wawili, wakakaa jamvini, wakasikilizana. Chuo kilisogeza saa zake, na skuli nayo ikasogeza zake.

La karafuu ndilo kubwa zaidi. Kila msimu watoto wanapungua, nasi kila msimu tulikuwa tukiwalaumu wazazi kwenye mkutano, wakatuitikia, wakaenda zao. Maalim aliliomba daftari la mahudhurio. Sisi tulikuwa tukilisoma jina kwa jina. Yeye alilisoma nyumba kwa nyumba. Ikaonekana wengi wanaokosa ni wasichana wakubwa wenye wadogo zao ambao hawajafika umri wa skuli. Mama anapokwenda kuchuma na kuchambua, nani abaki na mtoto mchanga? Kamati ikakaa na kina mama, wakapatikana bibi wawili wa kuwashika watoto asubuhi. Hatusemi tatizo limekwisha. Wavulana wanaopanda juu ya mikarafuu kuchuma wangali wanatushinda. Lakini wale wasichana wamerudi darasani.

Na lipo jengine dogo. Mwalimu wetu wa Sayansi alimuomba aingie darasani kwake. Baadaye hakumwambia amekosea wapi, alimuuliza ni watoto wangapi walijua jibu lakini wakakosa Kiingereza chake. Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kunatutesa, Mheshimiwa, maana tunalazimika kufikiri wenyewe. Siku hizi mwalimu yule huandika msamiati ubaoni kabla ya kuuliza swali.

Sasa ombi letu, na leo hatuombi madawati, ingawa hayatoshi. Tunaomba Maalim asipewe fomu ya kujaza ya kutupima walimu. Wakaguzi tunawaheshimu na kazi yao inahitajika. Ila mkaguzi akiingia, mwalimu hulivalisha somo nguo ya Idi. Maalim huliona katika nguo ya kila siku, na viraka vyake. Akianza kutupa alama, tutamficha viraka, na faida yote itapotea.

Pia tunaomba ofisi yako imfikirie nauli. Gari ya Konde hapandi bure, na analipa kwa pencheni yake.

La mwisho, walimu wakuu wastaafu wapo wengi Pemba. Tunaomba wakutanishwe, pengine katika Kituo cha Walimu Mitiulaya, wapangiwe skuli zinazowataka wenyewe. Lakini wachaguliwe kwa uangalifu. Si kila aliyeongoza anaweza kukaa benchini mwengine akiongoza, na wapo ambao wiki ya pili watakitaka kiti. Hao waachwe wapumzike, wameshafanya kazi yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima tunakukaribisha uzungumze nasi. Baada yako Maalim ataombwa aseme neno, na tunakutahadharisha mapema kwamba huenda akakuuliza swali.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, walimu na Kamati ya Skuli.