Barua kwa shoga yangu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana. U hali gani huko Nairobi na baridi yake? Huku twashukuru Mungu.

Juzi uliponiuliza kwenye simu kama bado sipati usingizi, nilikujibu kwa mkato kwa kuwa nilishika simu kwa viwiko. Mikono ilikuwa imejaa udongo! Miezi saba sasa, kila Jumamosi niko Jomvu Kuu kwa bibi mmoja mfinyanzi.

Nilidhani nitakuta gurudumu kama la kwenye picha. Wapi! Ni mikono tu. Wakanda udongo, watia mchanga, wausokota kama kamba na kupandisha duara juu ya duara. Kisha wakwangua kwa kombe la pwani, wasugua kwa kijiwe hadi ung'ae. Kijiwe cha bibi alikirithi kwa mamake, kimekuwa laini kama gololi.

Chungu changu cha kwanza nilikifanyia haraka, kama nifanyavyo makaratasi ya makontena kazini. Nje kilionekana kikavu, kumbe ndani kina maji. Moto wa makuti na vifuu ulipokolezwa, kikalia pa! kikaondoka na chetezo cha mwenzangu. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi hakunikaripia. Alikusanya vigae, akanipa kinu, akaniambia nivitwange niuchanganye unga wake na udongo mpya, ndio utakaohimili moto. Nilitwanga asubuhi nzima, na ofisi haikunijia akilini hata mara moja. Mchana akanipakulia wali kwenye kigae, akacheka: "Mfinyanzi hulia gaeni, mwanangu."

Wakumbuka shule ilipotupeleka Fort Jesus tukakimbilia mizinga? Nimerudi. Watu wasimama kwenye sahani za Uchina, vyungu vya wenyeji wavipita tu. Mimi nilivitazama hadi mlinzi akanishuku.

Usingizi haujarudi wote, sikufichi. Ila nikishtuka saa tisa usiku, siku hizi nawaza mdomo wa mtungi jinsi ya kuukunja, si mteja atakayenigombeza asubuhi. Na jirani kaniagiza vyetezo vitatu vya harusi ya bintiye. Mimi! Ambaye hata chapati zangu hazikuwa duara.

Chetezo chako nimekuwekea kando. Kimeegemea upande kidogo, lakini chashika kaa vizuri. Ukija Idi, njoo na udi wako.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Kisauni