Mfiwa akiuliza "kwa nini", msimnyamazishe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na Wakristo wenzangu kuhusu maneno yetu ya msibani. Matatu hayakosi kusikika: "Usilie, ni mapenzi ya Mungu," "Mungu alimpenda zaidi," na "Jikaze, wewe ni mtu wa imani." Anayeyasema ana nia njema, lakini yote matatu humfunga mfiwa mdomo. Aliyefungwa mdomo mbele ya watu wa kanisa huanza kuamini kwamba hata mbele za Mungu hana ruhusa ya kusema. Miezi michache baadaye haonekani ibadani, nasi tunaulizana amerudi nyuma lini.

Andiko linalobebeshwa kazi hiyo mara nyingi ni 1 Wathesalonike 4:13. Paulo hakuandika "msihuzunike" akaishia hapo. Aliandika "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Huzuni ipo, inayokatazwa ni ile isiyo na tumaini. Tazama pia Yohana 11. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia Yesu kwamba angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Hiyo ni lawama, tusiipambe. Yesu hamkemei hata mmoja. Martha anajibiwa kwa maneno, Mariamu kwa machozi, na aliyelia alijua kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini.

Neno baya kuliko yote ni lile linalonong'onwa kwa waliokesha wakimwombea mgonjwa kisha akafa: "Imani yenu ilikuwa ndogo." Daudi alifunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto wake, na siku ya saba mtoto akafa. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondolewe, haukuondolewa. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara tatu kikombe cha mateso kimwepuke, akakinywa. Nani atathubutu kuipima imani yake?

Sasa, nyumbani kufanyike nini? Chukueni Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, haimchoshi hata asiyelala. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" ikirudiwa mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini. Asome mmoja, polepole, anyamaze baada ya kila sehemu kwa muda wa pumzi tano au sita. Kosa linalofanyika ni kukimbilia mstari wa 5. Ikiwa nyumba bado iko kwenye "hata lini", ishieni mstari wa 2 jioni hiyo, na kesho mrudie hapo hapo. Kwa usiku mzito zaidi kuna Zaburi ya 88, ambayo inamalizikia gizani bila neno la faraja, na bado imo katika Biblia kama sala.

Dakika kumi zinatosha. Ibada ya nyumbani hufa kwa urefu, na hufa pia mzazi anapoigeuza kuwa kikao cha kusema watu: "Bwana, mguse mtoto huyu mkaidi," huku mtoto mwenyewe amefumba macho akisikia. Asiyeweza kuomba kwa sauti aachwe akae tu. Akitaka maneno ya kuazima, baba wa Marko 9:24 anayo: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Tomaso alipokataa kuamini kwamba Yesu amefufuka, wenzake hawakumtoa nje, siku nane baadaye walikuwa naye ndani ya nyumba, na hapo ndipo Bwana alipomkuta.

Watoto wadogo waambiwe "amekufa". Ukisema "amelala", mtoto anaogopa kitanda. Ukisema "amesafiri", anakaa kungoja. Ukisema "Mungu amemchukua kwa sababu anampenda", utamkuta anamwogopa Mungu asije akampenda mama naye. Mwambie mwili umeacha kufanya kazi, haoni, hasikii maumivu, nasi tunaamini Mungu atamfufua. Atauliza tena kesho. Mjibu vilevile.

Kurudi kanisani kuna ugumu wake, na mara nyingi kinachomwangusha mtu ni wimbo. Mfiwa akae karibu na mlango, pamoja na mtu mmoja anayejua kwamba anaweza kutoka wakati wowote bila kufuatwa na umati. Mume na mke waliofiwa mtoto wasilazimishane mwendo: mmoja huenda akataka kila ibada, mwingine asiweze hata kushika kitabu cha nyimbo, na hiyo haimaanishi kwamba mmoja alimpenda mtoto zaidi.

Tuje kwetu tunaotembelea. "Ukihitaji chochote niambie" ni mzigo mwingine, kwa sababu mfiwa hana nguvu hata za kujua anachohitaji. Afadhali "Alhamisi saa kumi nakuja kufua." Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, katika mlima Horebu. Lakini mfiwa akisema anatamani kufa, au wiki zikapita halali usingizi wala hali chakula, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee njiani.

Nyumba hujaa watu hadi siku ya mazishi, kisha inakuwa tupu. Kwa hiyo kila kikundi cha maombi kiandike kwenye kalenda, kwa kila msiba, tarehe nne: wiki ya tatu, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya marehemu, na siku aliyokufa mwaka unaofuata. Mbele ya kila tarehe liandikwe jina la mtu mmoja wa kwenda, maana likiachiwa "kanisa", hataenda mtu. Akifika, amtaje marehemu kwa jina.

Msomaji wako