Albamu ya Johnny Cash haikugonga mwamba

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu waimbaji wa kantri niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa raha, maana ni nadra gazeti letu kuupa ukurasa mzima muziki ambao wengi wetu huku Bonde la Ufa tumekua nao, redio ikiwa juu ya kabati na Jim Reeves akibembeleza. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu anasema albamu ya 1994 ya Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, American Recordings, "iligonga mwamba" kwa kuwa ilifika nafasi ya 23 tu kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na ya 110 kwenye chati kuu. Nambari hizo sina ugomvi nazo. Nagombana na huo mwamba.

Tukumbuke mzee alikuwa amefikia wapi. Columbia, kampuni aliyoifanyia kazi tangu 1958, ilimtema 1986. Kampuni iliyomchukua baadaye ilitoa albamu zake zikapita kimyakimya. Nashville, mji ulio makao ya biashara ya kantri, miaka hiyo ilitaka vijana wenye kofia wanaojaza viwanja, Garth Brooks akiwa mbele yao, na redio za kantri hazikuwa na nafasi ya mtu wa miaka 62 mwenye sauti iliyochakaa. Ndipo akatokea Rick Rubin, prodyusa wa ndevu ndefu aliyejulikana kwa rap na roki nzito. Ni kama bingwa wa taarab wa Mombasa, amesahauliwa na kila mtu, aende kurekodi kwa prodyusa wa gengetone. Ungesikia vicheko hadi Lamu.

Rubin hakumwekea biti. Alimkalisha sebuleni kwake Los Angeles na gitaa moja, akamwambia aimbe anachopenda. Nyimbo nyingine zilirekodiwa kwenye kijumba cha mbao cha Cash mwenyewe huko Tennessee, na mbili zikatoka jukwaani, katika klabu ndogo ya Viper Room. Nyimbo zote 13 hazina ngoma, hazina besi, hazina waitikiaji.

Mimi ni fundi wa redio na spika. Mteja akileta spika na kusema "inakoroma", siijaribu kwa muziki wa klabu, kwa sababu kwenye kelele kila spika ni nzima. Naweka albamu hii. Unasikia kidole gumba kikigonga uzi mnene wa gitaa, halafu pumzi inavutwa kabla ya neno la kwanza, halafu sauti inashuka mwisho wa mstari na kukwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Spika ikiwa imepasuka inajisema hapo hapo. Mwimbaji naye hana pa kujificha, na nadhani hicho ndicho kilichowatisha watu wa redio. Baada ya wimbo uliopakwa sukari, huyu mzee akiingia peke yake na gitaa lake, msikilizaji anadhani mitambo imeharibika.

Sisemi kila kitu humo ni asali. Wimbo wa kwanza ni wa mtu aliyemuua mpenzi wake, na video yake, aliyoigiza mwanamitindo Kate Moss, ilizua malalamiko. Mke wangu hataki kuusikia, nami huuruka akiwa karibu. Lakini sikiliza ule wa askari aliyerudi kutoka Vietnam, mtu anayechechemea na kujiambia yaliyopita si kitu, ilhali kila beti inaonyesha kwamba ni kitu. Cash aliutunga mwenyewe. Na tazama jalada: amesimama na koti jeusi refu, mbwa wawili miguuni pake, mmoja mweusi mwenye mstari mweupe, mwingine mweupe mwenye mstari mweusi. Mwenyewe alisema mmoja ni dhambi na mwingine ni ukombozi. Anayeijua Biblia yake hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa mapokezi, ambayo makala yenu iliyaruka. Wahakiki waliisifu mno. Mwaka huo huo Cash alipanda jukwaa la tamasha la Glastonbury, Uingereza, mbele ya umati wa vijana wa roki. Mwaka 1995 albamu ikapata tuzo ya Grammy, lakini, nawaomba msome hapa polepole, ilipewa kwenye kundi la muziki wa folk. Nyumbani kwake kwenye kantri hakufunguliwa mlango. Albamu iliyofuata, Unchained, ndiyo iliyotwaa Grammy ya kantri 1998, redio za kantri zikiwa zimeipa kisogo vilevile. Rubin akanunua ukurasa mzima ndani ya Billboard, akaweka picha ya zamani ya Cash akionyesha kidole cha matusi, na maneno ya kuishukuru Nashville na redio za kantri kwa kumuunga mkono. Ni utovu wa adabu, ndiyo. Nilicheka hadi nikaangusha bisibisi.

Kwa hiyo nafasi ya 23 inapima ni nakala ngapi ziliuzwa wakati watangazaji wameinyima albamu nafasi, basi. Na watangazaji wetu hawana tofauti. Kuna kituo kimoja hapa nchini kinachopiga kantri kila Jumapili asubuhi, nyimbo zile zile kumi tangu nikiwa kijana. Mwaka jana nilipiga simu nikaomba wimbo mmoja tu kutoka albamu hii. Mtangazaji akaniambia hewani, "Mzee, hiyo itawalaza wasikilizaji," akarudi kwa Kenny Rogers. Kenny nampenda. Lakini baada ya nusu saa mtangazaji akampiga tena huyo huyo.

Naomba mchapishe sahihisho, hata la mistari miwili. Na mwandishi wenu akipita Nakuru, wachongaji mihuri wa karibu na stendi wanakijua kibanda changu. Albamu yenyewe haifiki saa moja. Kiti kipo, na spika nimeshazifunga upya.

Fundi wa redio,
Nakuru