Tuonyeshwe hesabu ya kodi ya kiwanja, siyo jumla ya deni tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hizi kodi za viwanja na nyumba, maana kila ikifika Julai hapa Dodoma maneno ni yaleyale na watu wengi wanalalamikia sehemu ambayo siyo. Mtu anapata meseji ya deni, anamuuliza jirani, jirani anamwambia mbona hiyo tunakatwa kwenye luku, yaani tukinunua umeme wa kulipia kabla, basi anatulia kabisa anajua keshalipa. Kumbe kinachokatwa kwenye luku ni kodi ya jengo, na ile meseji ni ya pango la ardhi, yaani kodi ya kiwanja chenyewe. Ni vitu viwili tofauti, vina sheria zake tofauti, na kumbukumbu zake zinakaa ofisi tofauti, kwahiyo hata uwe na risiti za luku gunia zima hazitakusaidia kitu kwenye deni la kiwanja.

Nianze na hii ya luku kwa kuwa ndo rahisi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kwa kununua umeme, ilianza buku, yaani shilingi 1,000, kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500 yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Hakuna mthamini anayekuja kuangalia nyumba yako ina thamani gani, ndo maana kibanda cha vyumba viwili Chang'ombe na jumba la chini la Iyumbu lenye uzio na bustani vinakatwa sawasawa. Mimi hilo naona siyo haki, lakini angalau kila mtu anaijua hesabu. Unanunua umeme, meseji inakuja na mchanganuo, unaona uniti ngapi, VAT shilingi ngapi, tozo ya EWURA wanaosimamia nishati, tozo ya REA ya umeme vijijini, na kodi ya jengo. Na ukikaa miezi mitatu bila kununua ukakuta umekatwa 4,500 siyo wizi, ni miezi iliyolimbikizana.

Shida ya luku iko kwenye nyumba za wapangaji, na Dodoma hii tangu serikali ihamie nyumba za kupanga ndo zimejaa, Nkuhungu, Nzuguni, Kisasa, kote huko. Mwenye nyumba ana mita tatu kwenye jengo moja, kila mita inakatwa, kwahiyo jengo moja linalipa mara tatu, na anayelipa ni mpangaji ambaye kisheria siyo mdaiwa. Jengo ni moja, kodi ni moja, mwenye nyumba anatakiwa aende akaripoti namba za mita zake ibaki inayokatwa moja, na mpangaji aliyekatwa ana haki ya kurudishiwa hela yake na mwenye nyumba au kuipunguza kwenye kodi ya pango la chumba. Watunze zile meseji za luku jamani, wasizifute, ndo ushahidi wenyewe. Halafu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na kipato na watu wenye ulemavu wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi, ila huo msamaha hauji wenyewe, lazima uombe, na nawajua wazee wengi mtaani kwetu wanakatwa mpaka leo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Sasa pango la ardhi. Hapa ndo kwenye kilio. Hii inalipwa serikalini kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais na wewe mwenye hati ni kama mpangaji, ndivyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inavyosema, na mwaka wake unaanza Julai 1. Hesabu yake inatoka kwenye mambo matatu tu, ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, matumizi yake, na eneo kilipo. Ukiyajua hayo matatu unaweza kulikagua deni lako mwenyewe. Chukua hati au barua ya toleo, angalia namba ya kiwanja na kitalu, angalia mita za mraba, angalia imeandikwa makazi au biashara au makazi na biashara, halafu ulinganishe na kinachosomeka kwenye mfumo wa Wizara ya Ardhi. Sifuri moja tu ikiongezeka, mita 600 ikasomeka 6,000, unaletewa deni la mara kumi na kompyuta haitakuonea huruma. Au uliweka fremu mbili mbele ya nyumba, mkaguzi akapita, kiwanja kikahamia biashara na wewe bado kichwani unajua ni makazi.

Tatizo ni kwamba unachopewa mwananchi wa kawaida ni jumla na kontro namba basi. Unapiga *152*00# au unaingia kwenye mfumo wa wizara, inakuja namba ya malipo na kiasi. Ndani ya hicho kiasi kuna kodi ya mwaka huu, kuna malimbikizo ya miaka ya nyuma, kuna riba ya kuchelewa, vyote vimekorogwa pamoja kama makande, huwezi kutenganisha hindi na haragwe. Nilishaenda ofisi moja kuulizia deni la kiwanja cha familia, nikaomba tu nionyeshwe mwaka gani na mwaka gani haujalipwa, nikajibiwa lipa kwanza halafu ndo ulete malalamiko. Mtu mwenye risiti za zamani mkononi analipaje kwanza? Na usipolipa sheria ni kali, unaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba, na hata umiliki wenyewe unaweza kufutwa. Kitu chenye adhabu kubwa hivyo kinatakiwa kiwe na mchanganuo wa mstari kwa mstari.

Na kwa Dodoma kuna la ziada ambalo wenzetu wa mikoa mingine hawana. Hapa tangu 1973 ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, wao ndo walikuwa wanagawa viwanja, wanakusanya pango, na mikataba yao ilikuwa ya miaka 33. Mei 2017 CDA ikavunjwa, shughuli zikaenda manispaa ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji, na likatoka agizo hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za 99. Ni jambo jema sana na nalishukuru. Lakini fikiria mafaili yote hayo ya miaka 44 yanahama ofisi, mengine ya karatasi, mengine jina la marehemu, mengine kiwanja kimeuzwa mara tatu kwa barua ya mkono tu, halafu yanaingizwa kwenye kompyuta. Hapo lazima kuna risiti za CDA ambazo hazikuingia na mwenye kiwanja anaonekana mdaiwa. Kwahiyo wenye viwanja vya zamani Area C, Area D, Makole, Kikuyu na kwingineko, risiti za CDA za wazazi wenu msizitupe hata kama zimechakaa, pigeni picha, toeni kopi, mpeleke zikaingizwe kabla hamjaanza kudaiwa riba juu ya hela iliyokwisha kulipwa.

Mtoto wa dada yangu anaishi Chicago kule Marekani, kaunti yao inaitwa Cook, na siku moja tukiongea akanionyesha kwenye simu jinsi wao wanavyoangalia. Kila kiwanja kina namba ya tarakimu 14. Mtu yeyote, hata asiye mmiliki, anaandika anwani na anaona thamani ya ardhi peke yake, thamani ya jengo peke yake, jengo lina umri gani, na miaka ya nyuma ilikuwaje. Wao kodi inafuata thamani, nyumba ya kuishi inahesabiwa kwa asilimia 10 ya bei ya sokoni, uthamini unarudiwa kila baada ya miaka mitatu, na bili inakuja kwa awamu mbili, ya kwanza ni asilimia 55 ya jumla ya mwaka uliopita. Mwenye nyumba akiona kaonewa anachukua taarifa za nyumba za majirani zinazofanana na yake anakata rufaa. Sisemi tuige kodi yao, ni kubwa mno, watu wanalipa maelfu ya dola kwa nyumba ya kawaida tu, na wao pia wanahangaika kwa kuwa anayethamini ni ofisi moja, anayepokea hela ofisi nyingine, na hati zinatunzwa kwingine. Ninachotamani ni ile mtu kuiona hesabu yake kabla ya kutoa hela.

Nafahamu hapa tuna upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unalipia ada kidogo unajua kiwanja ni cha nani na kama kina rehani au zuio, na anayenunua kiwanja bila kufanya upekuzi anacheza na hela yake. Ila deni la pango ni kitu kingine cha kuulizia, na wanunuzi wengi wanalisahau, wanakuja kulikuta siku ya kuhamisha umiliki wakati muuzaji keshazima simu. Kama unanunua, mwambie muuzaji akuletee risiti ya pango ya mwaka huu kabla hujatoa hata shilingi, na uihakiki kwa namba ya kiwanja, siyo kwa jina.

Ombi langu kwa wizara na kwa jiji ni hili. Mtu akiomba kontro namba, meseji ije na mita za mraba, matumizi, kodi ya mwaka husika, malimbikizo kwa kila mwaka, na riba iwe mstari wake. Kama luku imeweza kutuonyesha hadi shilingi za REA, hili haliwezi kushindikana. Pili, zile kliniki za ardhi, ambako maofisa wanasikiliza kero za viwanja papo hapo, zinazofanyika mjini zimesaidia watu wengi, basi zishuke mpaka Hombolo, Nala na Mkonze kabla ya Julai, na pawe na mtu wa kupokea risiti za CDA na kuziingiza kwenye mfumo palepale huku mwenyewe anaona.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma