Mjomba, simu ya profesa iache nyumbani

Shikamoo Mjomba.

Binamu kanipigia. Anasema umeapa kwamba kesi ya shamba la Muheza ikitajwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, utatoa simu mfukoni, utaiweka mezani kwa mwenyekiti na kumsikilizisha sauti ya profesa wa sheria iliyorekodiwa redioni. Nilicheka, kisha nikaona bora nikuandikie, tena hadharani, maana pale kwenye baraza lenu la kahawa Ngamiani sauti hiyo mnayo nyote na kila baada ya alasiri inapigwa upya huku kahawa ikimiminwa.

Nimeisikiliza. Haifiki dakika mbili. Profesa anasema ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, na mwenye haki ya ardhi ya kijiji ni mwanakijiji. Sauti inakatika pale pale anapotamka "lakini". Aliyeikata ana dhambi zake.

Nikupe haki yako kwanza. Maneno hayo yana mizizi. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumpa uenyekiti Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Rais, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji vyenyewe. Serikali haikulikubali. Zilipotungwa sheria za 1999, ile ya Ardhi namba 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji namba 5, ardhi yote ilibaki ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwa hiyo profesa anaweza kusimama mbele ya kipaza sauti akaeleza sheria inavyopaswa kuwa, tena kwa hoja nzito, na mwenyekiti wa Baraza akarudi ofisini kusoma sheria ilivyo. Ubishi wenu pale barazani, karibu wote, ni wa kuchanganya hayo mawili.

Angalia mambo ya ndoa. Juzi mlitoana jasho kama binti wa miaka 15 anaozeka kisheria. Mmoja akasema profesa kasema vifungu vimeshabatilishwa, mwingine akaja na kitabu cha Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17 vimo kama vilivyo. Wote wawili walikuwa na cha kushika. Katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, akashindwa Oktoba 2019. Mwaka ule uliotolewa ukapita bila marekebisho. Hapo ndipo kazi ya profesa inapokuwa tamu: hukumu ipo, kitabu hakijaguswa, sasa hakimu afanye nini? Mtu anayekujibu hilo kwa sekunde 40 ananitia shaka, hata awe na shahada ngapi.

Na usidhani mahakama zenyewe zinawadharau maprofesa. Kwenye rufaa ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, kati ya serikali na marehemu Mchungaji Mtikila, Mahakama ya Rufani iliwaita Profesa Palamagamba Kabudi na marehemu Profesa Jwani Mwaikusa waje kama marafiki wa mahakama, yaani wataalamu wasio na upande katika kesi. Wakasikilizwa kwa heshima. Kisha majaji saba wakaamua wenyewe, Juni 2010, kwamba suala lile ni la kisiasa na la kumalizwa na Bunge, si mahakama. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki za Mtikila. Hadhi ya msomi inamfikisha mbele ya majaji; haimpi kalamu ya kuandika hukumu.

Rafiki yako yule wa kofia nyeupe atasema, "Mbona huyo Kabudi alikuja kuwa waziri?" Ndiyo, mwaka 2017, wa Katiba na Sheria. Mimi sioni kama elimu inaharibika mtu akipewa wizara. Ninachouliza ni anaongea akiwa amekalia kiti gani siku hiyo, maana mwalimu hana mteja na waziri anaye.

Sasa shamba letu. Hapa nitakuudhi, unisamehe.

Profesa redioni ni kama daktari anayezungumzia malaria redioni: anachosema ni kweli, ila wewe hajakupima. Hajui kwamba shamba lile lilikuwa la babu, na babu amefariki. Swali la kwanza utakaloulizwa halihusu Rais wala umma. Utaulizwa: mirathi ilifunguliwa? Msimamizi wa mirathi ni nani? Mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mimi ni karani tu wa wakili, lakini nimeona watu wakitoka mkoani na mashahidi sita, nauli na chakula juu yao, kesi ikatupwa asubuhi ile ile kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna anayezungumza haya kwenye runinga. Hayana utamu.

La pili ni zile eka za michungwa alizouza baba mdogo. Hapa una nguvu kuliko unavyojua, na sauti ya profesa wala haikugusi. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa karatasi ya daftari na mashahidi wawili. Inataka kibali cha halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshayakataa mauzo yasiyo na kibali hicho. Mnunuzi aonyeshe muhtasari wa kikao kilichotoa kibali. Akiwa nao, tutazungumza mengine. Lakini hesabu miaka pia, maana dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na baba mdogo hakuuza juzi.

Na baraza la kata usilipuuze kwa kuwa siku hizi haliamui. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, ila lazima upite pale kwanza kabla ya kwenda wilayani. Kama hamkupita, hata mwenyekiti mwenye huruma atawarudisha.

Basi fanya hivi. Itisha kikao cha ukoo, mkubaliane jina la msimamizi, muhtasari uandikwe na kila mtu atie saini, hata shangazi wa Korogwe ambaye hamsemeshani. Chukua cheti cha kifo cha babu mwende Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi. Yule mzee aliyekuwa mtendaji wa kijiji wakati wa mauzo nasikia yuko Pongwe kwa mwanawe. Mfuateni mapema, mumuulize kama anakumbuka kikao chochote. Mkishapata barua ya usimamizi, njoo nayo ofisini siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, nitakupeleka kwa wakili na sitakulipisha kahawa.