Diski ya akiba ya kompyuta kongwe ichaguliwe kwa mlango wake kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongeze neno juu ya ushauri uliotolewa karibuni katika ukurasa wa teknolojia, kwamba mwenye kompyuta ya zamani anunue diski yoyote ya nje ya USB, anakili mafaili yake, na atakuwa salama. Kwa anayehifadhi picha na barua tu, sina pingamizi. Lakini anayetaka diski ya kuwashia kompyuta siku diski ya ndani itakapokufa anaweza kupoteza fedha zake bure. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa kompyuta za Apple zenye prosesa za PowerPC, ambazo kampuni hiyo iliachana nazo mwaka 2006 ilipokamilisha kuhamia prosesa za Intel, na ambazo bado zina wenyewe, hasa wale wanaotegemea programu za zamani zisizokubali mashine mpya.

Nyingi ya kompyuta hizo zilitengenezwa ziweze kuwaka kwa diski ya nje iliyounganishwa kupitia mlango wa FireWire, aina ya mlango tofauti na USB. Wapo wajuzi wanaozilazimisha baadhi yake kuwaka kwa USB kwa kuandika amri katika Open Firmware, programu ya msingi inayoanza kabla ya mfumo endeshi, ila hiyo si njia ya kumshauri mtu wa kawaida. Hata zikikubali, iMac G4 ya mwaka 2002 ina USB ya kizamani yenye kasi ya megabiti 12 kwa sekunde, wakati FireWire yake hufikia 400. Kwa hiyo mnunuzi atafute boksi la diski lenye FireWire, hata kama ni la mtumba. Lenye FireWire 800, toleo la kasi zaidi, pia litafaa akipata waya wa kuliunganisha na mlango wa 400.

Mtumba nao una mitego yake. Mwaka 2003, mfumo endeshi wa Mac OS X 10.3 ulipotoka, Apple iliwatahadharisha wateja kwamba diski za FireWire 800 zenye chipu ya Oxford 922, inayounganisha diski na mlango wake, na programu yake ya ndani ya toleo la 1.02 zingeweza kupoteza data, na watengenezaji wakalazimika kutoa toleo jipya. Boksi la enzi hizo ambalo halikuwahi kusasishwa bado lina kasoro ileile.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ramani ya mgawanyo wa diski, yaani maelezo yaliyoandikwa kwenye diski yanayoionyesha kompyuta jinsi ilivyogawanywa. Diski nyingi za dukani huja zimefomatiwa kwa ajili ya Windows, na hata anayeifomati upya kwa kompyuta ya Apple yenye Intel huishia na ramani ya GUID, ambayo ndiyo inayotakiwa na Intel. Ili iwake, PowerPC inahitaji ramani ya Apple Partition Map, inayochaguliwa ndani ya Disk Utility, programu ya Apple ya kufomati diski, kabla ya kunakili chochote, kwa sababu kuibadilisha baadaye ni kuifuta diski nzima. Ramani hiyo haivuki terabaiti 2 kwa diski za kawaida, basi ukubwa wa kupindukia hauna faida hapa.

Kuburuta mafaili kwa kipanya hakutoshi, kwani mafaili mengi ya mfumo endeshi yamefichwa. Zitumike programu za kunakili diski nzima kama Carbon Copy Cloner au SuperDuper!, katika matoleo ya zamani yanayokubaliana na mfumo uliopo. Time Machine, programu ya Apple ya kuweka akiba iliyokuja na mfumo wa Leopard (Mac OS X 10.5) mwaka 2007, hutunza data vizuri, lakini kwenye mashine hizi nakala yake peke yake haiwashi kompyuta; utahitaji DVD ya kusakinishia na kisomaji chake kikiwa kizima, na katika mashine za umri huo kisomaji mara nyingi ndicho hutangulia kufa.

Kazi ikiisha, mtu azime kompyuta, aiwashe akiwa ameshikilia kitufe cha Option, aichague diski ya nje na aitumie kwa muda. Ningeomba ukurasa wako uyataje haya kabla wasomaji hawajaenda dukani, maana aliyenunua boksi lenye USB pekee hana hoja ya kudai pesa zake: muuzaji ataiunganisha na kompyuta yake mwenyewe na kumwonyesha kuwa ni zima.

Msomaji wako,
Tanga