Siku 47 kutoka giseti 4 mpaka giseti 2

Lubumbashi, tarehe 6/5/2025

Kwa Bwana Direkta wa ajanse ya banki,

Jambo Bwana Direkta. Barua ya kwanza nilikuandikia Kifaransa tarehe 29/4, Kifaransa ya kuvaa kravati, mukanijibu na SMS ya mustari moja eti dosie yangu "inafwatiliwa". Hii ya leo naandika namna tunasemaka hapa kwetu, pengine njo tutasikilizana.

Mambo yenyewe ni hii. Nilitumika miaka 9 kule Dallas, Marekani, kazi ya usiku mu depo ya vifurushi, na kila mwezi nilikuwa nakata kidogo naweka mu konti ya aksyo, ile konti wanakununulia tupande tudogo twa makampuni mingi pamoja. Nimerudi nyumbani, konti ikabakia kule. Sasa nimepata parsele njia ya Kasapa, mwenye kuuza amekubali nimulipe nusu kwanza, ile ingine dola 22.000 isipite tarehe 31/3/2026, tumeisainia mbele ya mashahidi. Makuta ikibakia mu aksyo inaweza kupanda, inaweza kushuka, na mimi siwezi kuenda kumwambia yule mzee eti papa ngoja kwanza, soko ya New York imeamka vibaya. Njo nikaamua niuze, niifunge mu depo ya terme ya miezi 12, ile unaachia banki makuta mpaka siku yenye mulipatana, nayo inakuongezea entere, faida kidogo juu; hesabu yangu ilikuwa rahisi: inaingia mwezi wa tatu, inatoka mwezi wa tatu, namulipa mzee, entere ndogo inanunua simenti.

Na mujue ningeweza kuifunga kule kule. Mabanki ya Marekani iko na sertifika ya depo, ni sawa depo ya terme yenu, nilishafanyaka moja ya miezi 6, ilichukua dakika 10 mu telefone, ikiisha wakanipa siku 10 za kuamua kama natoa ao naendelea, na kule makuta ya mutu inalindwa mpaka dola 250.000 mu banki moja. Hata ndani ya ile konti ya aksyo wanauzishaka sertifika za mabanki mbalimbali, hauna hata haja ya kutoka mu nyumba. Lakini nilitaka makuta ikuwe karibu na parsele, na mutumishi wenu aliniandikia mu imeli, niko nayo, tarehe 3/3: miezi 12, dola, 4,5 kwa mia. Nikaamini.

Alhamisi tarehe 6/3 nikauza. Kule kubanda tarehe 28/5/2024 ukiuza aksyo leo, kesho ya kazi makuta inakuwa yako (zamani ilikuwa siku mbili), basi ijumaa tarehe 7 ilikuwa tayari na palepale nikaagiza viremani, makuta itumwe kutoka kule mpaka banki yenu, nikaongeza kidogo juu ili makomisyo isikule ile 22.000. Siku ya posho na siku ya yenga, wikendi, haihesabiki. Jumatano tarehe 12/3 saa nne ya asubui telefone ikalia: dola 22.000 imeingia mu konti yangu kwenu. Nilisema Mungu asante, nikavaa, nikakuja.

Sasa kubanda pale, Bwana Direkta, njo naomba usome pole pole.

Giseti 4 wakaniambia makuta iko mu konti ya kawaida, ya kuihamisha mu depo ya terme ni giseti 2. Kutoka giseti 4 mpaka giseti 2 ni hatua sita, nimezihesabu, kuko kiti kimoja na ile fene yenye haizungukake katikati. Giseti 2 mama mumoja wa heshima akaniomba nionyeshe makuta imetoka wapi. Hiyo sikatai. Sheria ya tarehe 27/12/2022 juu ya kusafisha makuta inawalazimisha kuuliza, na mimi nilikuya na karatasi zote za konti ya aksyo, ukurasa 14, kila mwezi wa miaka 9. Mama akaziangalia, akageuza, akaniuliza:

— Papa, bosi wako aliyekulipa hii makuta njo nani?
— Hakuna bosi mama, niliuza aksyo sokoni.
— Soko gani? Ya Kenya ao Njanja?

Kenya na Njanja ni masoko ya hapa mujini. Watu wa mu laini nyuma yangu wakacheka, na mimi nikacheka, juu kwetu soko ya aksyo haiko na si kosa la mama kama hakuna mutu amemufundisha. Lakini akaandika ku fishi "barua ya mwajiri inakosekana" akapiga agrafe, tak, na hiyo agrafe moja imenikula wiki tatu. Kila nikikuja: bado barua ya mwajiri. Nikaeleza, wakasema watauliza Kinshasa. Nikarudi, yule wa Kinshasa iko kwenye formasyo. Nikarudi tena, ukurasa 14 zimepotea, mulete zingine. Nikaleta. Wakapata za kwanza, zikakuwa 28, wakaniuliza juu ya nini makuta imeonekana mara mbili!! Wiki ya Pasaka hata sikuja, niliogopa nitasema neno mbaya mu siku takatifu.

Wakati ule wote makuta yangu ilikuwa imelala mu konti ya kawaida, haizai hata senti, na mukakata dola 10 za kutunza konti mwezi wa tatu, dola 10 mwezi wa ine. Yaani munanikawisha, kisha munanilipisha kukawa.

Tarehe 28/4 mukaniita kusaini. Niko mbele ya giseti, pembeni mutu anakohoa, nikasoma kontra yote, najua hampendi watu wa kusoma yote. Mwanzo: 28/4/2025. Mwisho: 28/4/2026. Kiwango: 3,75 kwa mia. Nikauliza ile 4,5 iko wapi, wakajibu bei imebadilika tarehe 1/4. Sasa mimi tarehe 1/4 nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenu, siku 20 tayari, nangojea agrafe. Na chini kabisa, mu herufi za kuangalia na lunete, kuko kakisanduku ka kuendelesha depo yenyewe miezi 12 mingine ikiisha, kalishatiwa alama na mashine, si na bik yangu. Na mustari mwingine: ukivunja mbele ya siku yake unapoteza entere yote. Kule Marekani nikivunja nilikuwa napoteza entere ya miezi 3, ilikuwa inauma lakini ilikuwa inaeleweka.

Sikusaini. Makuta ingali imelala ku konti ya kawaida mpaka leo.

Hesabu nimeifanya na mwaka wa siku 360 sawa vile kontra yenu inasema. 22.000 kwa 4,5 ni dola 990 kwa mwaka, yaani 2,75 kwa siku. Siku 47 ni dola 129,25. Tofauti ya 4,5 na 3,75 ni dola 165 zingine kwa mwaka. Mutu wa banki anaweza kuona ni kidogo, lakini kwa mutu mwenye anajenga, 165 ni mifuko ya simenti. Na hiyo si njo yenye inanilalisha macho wazi. Yenye inanilalisha macho wazi ni tarehe 28/4/2026: mzee wa parsele ananingoja 31/3. Nikivunja depo mbele, entere yote inaenda, nikingoja, parsele inaenda, na wanunuzi wa njia ya Kasapa munawajua, hawalale.

Kwa hiyo naomba kontra ingine, yenye kuanza tarehe 12/3/2025, siku makuta iliingia, na kuisha 12/3/2026, kwa 4,5 kwa mia kama imeli yenu inasema, na kile kisanduku kikuwe tupu nijaze mwenyewe. Zile dola 20 za kutunza konti zirudi. Mama wa giseti 2 musimugombeze, mumupe tu mutu wa kumuonyesha karatasi ya konti ya aksyo inafananaka aje, juu sisi wenye kurudi tutakuwa wengi.

Kama haiwezekani, muniandikie hivyo na kashe na sinyatire, ukurasa moja inatosha, niipeleke ku Banki Kuu ya Congo hapa Lubumbashi pamoja na imeli ya tarehe 3/3. Nitapita alhamisi tarehe 8 saa tatu ya asubui. Nitakaa ku kile kiti cha karibu na fene.

Kliya wenu, mwenye dosie ya kurasa 28